Uzi: Koka imeuzwa kwa Wagiriki? Tujue kwanza nani ana nini

MwenyeDuka wa Umoja:

Wadau, hamjambo.

Uzi huu wa Koka, yaani Coca-Cola, umetokana na ubishi wa jana jioni dukani kwangu Umoja, Nairobi, si mbali na soko la Mutindwa. Mzee mmoja anayepitia soda yake ya Krest kila siku akitoka kazini aliingia na habari: "Umesikia? Koka imeuzwa. Wagiriki wameichukua." Kijana wa boda aliyekuwa ananunua mkate akamkatiza, Koka ni ya Wamarekani, nani wa kuwanunua Wamarekani? Mama mboga wa kibanda cha mbele naye akasema hao wote hawajui kitu, soda inatoka kiwandani Embakasi, malori anayaona kila asubuhi na waliomo ndani ni watoto wetu.

Niliwasikiliza nikaona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Lakini watu walikuwa wamepanga foleni ya unga na maziwa, sikupata nafasi ya kueleza. Nimekaa usiku huu niandike vizuri, maana jambo hili liko moyoni mwangu. Nilikuwa taniboi, yaani msaidizi wa dereva, wa lori la soda miaka minne, nikahamia depo, ndipo nikafungua duka. Kwa miaka hiyo yote nimekula na kulipa kodi ya nyumba kwa kreti za soda, na bado ilinichukua muda mrefu kujua faida yake inakwenda kwa nani.

Shikeni neno moja kwanza. Jina la soda ni mali ya mtu mmoja, na kiwanda kinachoijaza kwenye chupa kinaweza kuwa mali ya mtu mwingine kabisa. Ukiambiwa Koka imeuzwa, uliza: jina, au kiwanda?

Nitaanzia mbali kidogo, nivumilieni.

Mwaka 1886, mji wa Atlanta, jimbo la Georgia. Mfamasia aitwaye John Pemberton alikuwa amekatwa kwa upanga mwaka 1865, siku za mwisho za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na maumivu yakamfanya mtumwa wa mofini. Alikuwa akiuza mvinyo uliotiwa majani ya koka, ule mmea wenye kokeini, akiiga mvinyo wa namna hiyo uliokuwa na sifa Ufaransa. Mji ulipopiga marufuku pombe, ikambidi atengeneze kitu kisicholewesha: sharubati ya sukari yenye dondoo la koka na kola. Tarehe 8 Mei sharubati hiyo ikaanza kuuzwa kwenye duka la dawa la Jacobs ikiwa imechanganywa na maji ya gesi, senti 5 kwa glasi. Mweka hesabu wake, Frank Robinson, ndiye aliyeipa jina na kuliandika kwa ule mwandiko wa mikia mirefu ambao hadi leo uko kwenye ukuta wa duka langu.

Mwaka wa kwanza ziliuzwa wastani wa glasi tisa kwa siku. Jumapili ya jua kali mimi nauza zaidi ya hizo kabla watu hawajatoka kanisani. Pemberton alifariki Agosti 1888, akiwa ameshauza haki zake vipande vipande. Mfanyabiashara wa dawa, Asa Candler, akavikusanya vipande vyote kwa takriban dola 2,300, na mwaka 1892 akasajili kampuni.

Hapo ilikuwa bado ni kinywaji cha glasi, unakunywa umesimama kaunta. Chupa haikuwapo.


KijanaWaKayole:

Kaka, fika kwa Wagiriki basi. Mbona unatupitisha Marekani nzima?


MwenyeDuka wa Umoja:

Nafika, kaka. Lakini bila chupa huwezi kuwaelewa Wagiriki, na sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Mtu wa kwanza kuitia Koka kwenye chupa alikuwa mwenye duka kama mimi. Joseph Biedenharn, muuza peremende wa Vicksburg, Mississippi, mwaka 1894. Aliona wateja wa mashambani hawawezi kufika kaunta yake kila siku, basi akaamua soda iwafuate huko waliko. Candler hakutilia maanani.

Kisha Julai 1899 wakaja wanasheria wawili kutoka Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead. Thomas alikuwa Cuba wakati wa vita vya 1898, akaona watu wakinywa kinywaji cha nanasi kilichofungwa kwenye chupa, wazo likamganda kichwani. Walimwomba Candler haki ya kujaza chupa karibu Marekani nzima. Akawapa. Kwa dola moja. Na inasimuliwa kwamba hata hiyo dola hakuwahi kuidai.

Hebu fikirini. Candler alidhani ametoa kitu kisicho na thamani, kwa sababu kwake biashara ilikuwa sharubati. Wale wawili walikuwa na haki mkononi lakini hawakuwa na mtaji wa kujenga viwanda, basi wakaigawa nchi na kuuza haki hiyo mji kwa mji. Aliyeipata alijenga kiwanda chake kwa pesa zake, akanunua farasi zake na chupa zake, akaajiri watu wake. Kampuni ya Atlanta ikabaki na kazi mbili: kuwauzia sharubati na kulitangaza jina. Kufikia 1909 kulikuwa na viwanda karibu 400 vya kujaza Koka, na vingi vilikuwa mali ya familia za miji midogo.

Bei ya sharubati nayo ilifungwa kwenye mkataba, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya soda ikae senti 5 hadi miaka ya 1950. Candler hangeweza kuwapandishia wajazaji bei kila anapotaka. Sukari ilipopanda baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pande hizo mbili zilifikishana mahakamani.

Kampuni yenyewe iliuzwa mwaka 1919 kwa dola milioni 25, ikaenda kwa kundi la wawekezaji lililoongozwa na Ernest Woodruff. Leo hisa zake zinauzwa sokoni New York, na mwenye fungu kubwa kuliko wote ni Berkshire Hathaway, kampuni iliyojengwa na Warren Buffett, yenye hisa milioni 400. Kwa hiyo hakuna "mwenyewe" mmoja anayeweza kuamka asubuhi akaiuza kwa Mgiriki.

Huo mgawanyo wa 1899 ndio uliozunguka dunia nzima hadi ukafika kwetu. Mwenye jina huku, mwenye kiwanda kule.


MwalimuMstaafu wa Buruburu:

Umeeleza vyema, mwanangu. Niongeze kuhusu umbo la chupa, kwa sababu nilikuwa nikiwafundishia watoto darasani. Vifuniko tulivitumia kuhesabia na kuchezea drafti, lakini chupa yenyewe nayo ina kisa. Waigaji walikuwa wengi, basi mwaka 1915 wenye viwanda wakatangaza shindano: watengenezewe chupa ambayo mtu ataitambua gizani kwa kuipapasa, au hata ikiwa imevunjika chini. Kampuni ya Root Glass ya Terre Haute, Indiana, ikashinda. Walikwenda maktaba kutafuta picha ya mmea wa kuwapa wazo, wakaangukia picha ya tunda la kakao. Ile mistari ya kushuka na lile tumbo ni la tunda la kakao, ambalo halimo kabisa ndani ya soda.


MwenyeDuka wa Umoja:

Shikamoo mwalimu, na asante sana. Hilo la kupapasa gizani nimelithibitisha kwa mikono yangu. Stima ikipotea jioni nafungua friji na kutoa Koka katikati ya Fanta na Sprite bila tochi.

Sasa tuje nyumbani.

Koka iliingia Kenya mwaka 1948. Kwa miaka mingi viwanda vya kujaza vilikuwa vimegawana nchi kama wale wa 1899: Nairobi Bottlers hapa jijini, Mount Kenya Bottlers Nyeri, Rift Valley Bottlers Eldoret, Kisii Bottlers Kisii, Equator Bottlers Kisumu, Coastal Bottlers Mombasa. Nilipokuwa kwenye lori tuliambiwa wazi kabisa, usivuke mpaka. Soda ya Nairobi haiuzwi kwa mteja wa Nyeri, hata kama anakulipa zaidi. Wakati huo nilidhani ni ukali tu wa wakubwa. Kumbe ni mkataba: kila mjazaji ana eneo lake, na eneo lile ndilo mali yake kubwa.

Kiwanda cha Nairobi kiliingia mikononi mwa Sabco katika miaka ya 1990. Sabco ni kampuni ya familia ya Gutsche ya Port Elizabeth, Afrika Kusini, iliyoanza kujaza chupa mwaka 1940. Kampuni ya hapa nyumbani, Centum, inayouza hisa zake kwenye Soko la Hisa la Nairobi, ilikuwa na zaidi ya robo ya Nairobi Bottlers, tena ikawa na zaidi ya nusu ya Almasi, kampuni iliyounganisha Nyeri, Eldoret na Kisii. Mkenya aliyenunua hisa za Centum alikuwa na tone lake ndani ya kila kreti. Mwaka 2019 Centum ikauza zote, kwa takriban shilingi bilioni 19.5.

Aliyenunua ni Coca-Cola Beverages Africa, na hapa tafadhali msichanganye majina. Hii si ile kampuni ya Atlanta. Ilizaliwa 2016 kwa kuunganisha viwanda vya kujaza vya familia ya Gutsche, vya SABMiller waliokuwa wakitengeneza bia, na vya kampuni ya Atlanta yenyewe. Mwaka huo huo SABMiller ikamezwa na AB InBev, na mwaka uliofuata kampuni ya Atlanta ikainunua ile sehemu ya SABMiller kwa dola bilioni 3.15, kwa sababu haikutaka fungu kubwa la viwanda vyake vya Afrika likae mikononi mwa kampuni ya bia ambayo kwingine inajaza Pepsi. Tangu hapo umiliki ukawa thuluthi mbili Atlanta, thuluthi moja familia ya Gutsche.

Ndipo tunafika kwa Wagiriki wa mzee wangu. Oktoba 2025 kampuni iitwayo Coca-Cola HBC ilitangaza makubaliano ya kununua asilimia 75 ya Coca-Cola Beverages Africa kwa dola bilioni 2.6. Familia ya Gutsche inauza fungu lake lote, Atlanta inauza sehemu kubwa ya fungu lake na kubaki na robo. Makubaliano kama hayo hayamaliziki kwa siku moja, lazima serikali za nchi husika zitoe vibali. HBC makao yake yako Uswisi na hisa zake zinauzwa London na Athens, lakini ile H asili yake ni neno la Kiyunani la kujiita Wayunani, kwa sababu kampuni ilianzia Ugiriki mwaka 1969. Ndiyo hao wanaojaza Koka Nigeria na Misri. Na ndani ya HBC hiyo hiyo, kampuni ya Atlanta ina zaidi ya asilimia 20 ya hisa.

Kwa hiyo mzee hakusema uongo. Kinachouzwa ni viwanda: mashine, malori, maeneo, na ajira za watu wa Embakasi. Jina halijaondoka Atlanta.


KijanaWaKayole:

Nimekuelewa sasa. Lakini mtu akiwa na kiwanda na asiwe na jina, hawezi kuiga ladha tu akaacha kuwalipa?


MwenyeDuka wa Umoja:

Swali zuri sana, kaka. Mjazaji haletewi maelezo ya jinsi ya kutengeneza ladha. Analetewa kiini, kile kilichokolezwa chenye ladha, kikiwa kimeshatengenezwa tayari. Kwa nchi nyingi za Afrika kinatoka Matsapha, Eswatini. Kiwanda hicho kilihamishiwa huko kutoka Afrika Kusini mwaka 1987, wakati dunia inaibana serikali ya makaburu. Nchi yenye watu wachache kuliko Nairobi ndiyo inayolisha friji za sehemu kubwa ya bara.

Anayeuza kiini ndiye anayeshika kamba. Mjazaji anaweza kuwa na kiwanda cha mabilioni, lakini kiini kisipokuja, mashine zinasimama.

Sasa niambieni, ukitoa kile kiini, ndani ya chupa kunabaki nini? Maji, takriban asilimia 90, na ni ya hapa hapa. Sukari: hii mara nyingi hutoka nje ya nchi, kwa sababu soda inataka sukari nyeupe iliyosafishwa sana, na viwanda vyetu vya miwa huko magharibi kwa sehemu kubwa vinatengeneza ile ya kahawia ya chai. Na gesi.

Kuhusu gesi nataka msimame kidogo. Ukipanda barabara ya Naivasha ukafika upande wa Lari, kuna msitu wa Kereita. Chini ya ardhi ile kuna hewa ya ukaa ya asili, imejikusanya yenyewe kwenye miamba. Kampuni ya Carbacid imekuwa ikiivuta, kuisafisha na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji vya ukanda huu kwa miaka mingi. Nilipolijua hili nilibaki nimeshika glasi nikiangalia povu likipanda. Nchi nyingi huipata gesi hii kama mabaki ya viwanda vya mbolea au vya pombe. Sisi tunaichimba chini ya miti, mwendo wa saa moja na kitu kutoka katikati ya mji.


MamaWawili wa Donholm:

Mimi sina haja na Ugiriki. Mwanangu ana miaka tisa na kila akitoka shule anataka soda. Niambie ukweli kuhusu sukari, usiniuzie maneno.


MwenyeDuka wa Umoja:

Dada, sitakuficha hata kama ndiyo biashara yangu. Kopo moja la mililita 330 la Koka ya kawaida lina gramu 35 za sukari. Kijiko cha chai kinachukua kama gramu nne, kwa hiyo hesabu karibu vijiko tisa. Ungemtilia mtoto vijiko tisa kwenye kikombe kimoja cha chai? Shirika la Afya Duniani linashauri hata mtu mzima asizidi takriban gramu 50 kwa siku nzima, kutoka vyakula vyote. Binti yangu nampa siku ya sherehe tu. Siku nyingine anakunywa maji, na ananinunia mbele ya friji limejaa.


Taniboi wa zamani, Kariobangi:

Na ile habari ya kokeini ni kweli? Sisi tulikuwa tunaambiana kwenye lori.


MwenyeDuka wa Umoja:

Ndugu yangu wa barabarani! Ni kweli kwa zamani. Dondoo la majani ya koka lilikuwamo tangu mwanzo na kokeini yake ndani. Kuanzia mwaka 1903 hivi walianza kutumia majani yaliyokwisha kukamuliwa kokeini, na kufikia 1929 usafishaji huo ukawa kamili. Kuna kiwanda Maywood, New Jersey, chenye kibali cha serikali ya Marekani kuingiza majani hayo: kokeini inatolewa kwa matumizi ya hospitali, na dondoo lisilo nayo linakwenda kwenye ladha. Kinachokuchangamsha leo ni kafeini na sukari.


KijanaWaKayole:

Na Fanta je? Nimesoma mahali kwamba Hitler ndiye aliyeitengeneza.


MwenyeDuka wa Umoja:

Hapana, kaka, na tafadhali usiisambaze hiyo. Ukweli wenyewe unatosha kushangaza. Vita vya Pili vya Dunia vilipokata njia ya kiini kufika Ujerumani, mkuu wa kampuni huko, Max Keith, alikuwa na viwanda na wafanyakazi lakini hana Koka. Akatengeneza kinywaji cha mabaki: maji ya maziwa yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, na makapi ya matofaa yaliyokwisha kukamuliwa. Aliwaambia watu wake waache mawazo yao yaruke, na kutokana na neno la Kijerumani la ubunifu wa mawazo likatoka jina Fanta. Sukari ilikuwa kwa mgao, kwa hiyo wapo waliomimina Fanta kwenye supu ili waipate tamu kidogo. Vita vilipokwisha alikabidhi viwanda kwa Atlanta. Ile ya machungwa tunayoijua ilianzia Naples, Italia, mwaka 1955.

Mnaona tena? Mjazaji akikosa kiini ananyongwa, au anabuni.


MwalimuMstaafu wa Buruburu:

Kabla uzi haujaenda mbali, neno "soda" lenyewe lina jambo ambalo Waswahili wengi hatuligundui. Soda na magadi ni ukoo mmoja. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley aliweka maji juu ya pipa la kiwanda cha bia mjini Leeds, hewa ikaingia, yakawa maji yanayochachatika. Waliokuja baadaye wakatia humo chumvi ya jamii ya magadi, ndipo yakaitwa maji ya soda. Kwa hiyo magadi unayotia kwenye maharagwe na soda unayoagiza kwenye mkahawa ni ndugu wa jina, na sisi tuna ziwa zima la magadi kule Kajiado.


MwenyeDuka wa Umoja:

Mwalimu, umenifungulia njia ya jambo nililotaka kusema tangu mwanzo, la chupa yenyewe.

Nina chupa moja hapa kaunta naiangalia nikiandika. Koka ya mililita 300. Begani ina pete nyeupe iliyokwaruzika, na nyingine chini karibu na kitako. Wengi hudhani ni uchafu, wapo wateja waliowahi kunirudishia. Si uchafu. Kiwandani chupa zinatembea kwenye mkanda zikisukumana bega kwa bega, na kila safari zinasuguana pale pale panapogusana. Chupa ngeni haina pete. Yenye pete nene kama hii imekwenda na kurudi mara nyingi sana: kiwandani, depo, mkokoteni, duka, meza ya harusi au ya matanga, halafu kreti tena. Kila ikirudi inaoshwa kwa maji ya moto yaliyotiwa soda kali, ukoo ule ule wa mwalimu, inamulikwa taa kuona kama kuna ufa au uchafu, inajazwa, inabanwa kifuniko chenye meno ambacho William Painter wa Baltimore alikibuni mwaka 1892.

Mtu akiniuliza kwa nini soda ya chupa ni kali kuliko ya plastiki namwambia hivi: kioo hakivuji gesi, plastiki inavuja polepole hata ikiwa imefungwa. Ikikaa miezi juani kwenye kibanda, utaihisi imelegea.

Ndiyo maana nataka pesa ya chupa, na msinikasirikie. Chupa si yangu. Niliweka pesa depo ili niipate, na nisipoirudisha kreti mpya haitoki.

Niwaambie kilichonifundisha. Mwaka wangu wa pili kwenye lori, kreti sita zilitudondoka kwenye mzunguko kwa sababu kamba haikuwa imekazwa, na kazi ya kukaza ilikuwa yangu. Chupa 144. Magari yanapiga honi, sharubati inatiririka kwenye lami, nyuki wamekuja kabla ya polisi. Tajiri wa depo alinikata mshahara miezi mitatu, soda na chupa na kreti zote. Hilo nililikubali. Lililoniuma ni kwamba alinirudisha pale na gunia, niokote vioo vyote hadi kipande cha mwisho, nivipeleke depo. Vidole vilikatika. Nilidhani ananidhalilisha tu, na nimebaki na uchungu huo hadi leo.


MzeeWaVioo, Kasarani:

Mwanangu, nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapo pa gunia lazima niseme.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha vioo hapa Kasarani tangu kilipokuwa cha watengeneza bia, kabla hakijauzwa kwa Consol ya Afrika Kusini mwaka 2015. Kioo tunakitengeneza kwa mchanga, chokaa na magadi. Mchanga peke yake ni mgumu mno kuyeyuka, magadi ndiyo yanayoulainisha. Lakini kuna kitu cha nne, na ndicho tulichokuwa tukikililia kila siku: vipande vya chupa zilizovunjika. Ukitia vipande, tanuri linayeyusha mapema, linakula mafuta kidogo, na chupa inatoka nzuri. Tulikuwa tukinunua kwa kilo kutoka kwa wakusanyaji na kwenye madepo. Tulitenganisha rangi, vyeupe mbali, kijani cha Sprite mbali, kahawia cha bia mbali, kwa sababu kipande cha kijani kidogo tu kinaharibu chupa nyeupe.

Tajiri wako alikuwa akiuza lile gunia. Angekuambia.


MwenyeDuka wa Umoja:

Mzee wangu, miaka kumi na sita sijawahi kuambiwa.

Yaani zile chupa 144 ziliingia tanurini zikatoka chupa tena?


MzeeWaVioo, Kasarani:

Kama zilikuwa nyeupe na zilifika kwetu, ndiyo. Zikiwa bado hazijavunjika mara ya pili, zimeshaota pete begani.


MwenyeDuka wa Umoja:

Asante, mzee. Lori linakuja saa kumi na mbili asubuhi na nina kreti tisa tupu za kupanga. Nikitoka hapo nitajibu mwenye swali jingine.